Bundi wa Pate na sahani za bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kabati la vioo sebuleni kwake Tanga, na ndani ya kabati hilo sahani 12 za maua ya bluu ambazo sikuwahi kumwona mtu akizilia. Kila Alhamisi jioni alizitoa moja moja, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha kwa mpangilio uleule. Zilikuwa zinangoja mgeni, na mgeni mwenyewe hakuwahi kutajwa jina. Bibi alipofariki na arubaini ikapita, kina mama wakubwa na wajomba walikaa mkekani kugawana kilichobaki. Siku hiyo ndipo sahani zote zilipotoka kabatini kwa pamoja, na mbili zilivunjika kabla ya magharibi, ndani ya gunia, kwenye buti la basi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwaka huohuo mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni beti chache za Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na alipofika kwenye ubeti huu niliweka kalamu chini:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na kotwe waikaliye

Madaka ni vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu ukutani mwa nyumba za mawe za Pate na Lamu, mahali pa kuwekea vyombo vya kauri vilivyovuka bahari kutoka Uchina. Mshairi anasema: palipokaa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Bumu ni bundi. Zisiji na kotwe ni ndege pia. Nilielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeliona kabati tupu.

Tangu hapo nimesoma tenzi nyingi zinazozungumza juu ya kifo na kupita kwa mali, na nimefikia maoni ambayo najua wapo watakaoyakataa. Tumezoea kuusoma ushairi wa aina hii kama mawaidha ya mtu aliyeitupa dunia. Mimi naona kinyume chake. Aliyeandika vizuri zaidi juu ya kupita kwa mali ni yule aliyeipenda mali, aliyeishika mkononi, aliyejua kila chombo kilikaa daka gani. Asiyezijua sahani hawezi kututoa machozi zinapovunjika.

Mtazame Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwenyewe. Aliishi Pate, kisiwa kimojawapo cha visiwa vya Lamu, na utenzi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa imekwisha kuwa dola ya Wanabahani, ukoo wa watawala wake, iliyotisha pwani, yenye majahazi, pembe za ndovu, watunzi na mafundi. Kisha ikaliwa na ugomvi wa ndani na vita na jirani zake. Mnamo 1812 hivi, jeshi la Pate pamoja na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishindwa na watu wa Lamu katika fukwe za Shela, na kuanzia hapo nguvu zilihamia Lamu, halafu Unguja chini ya Wabusaidi, masultani kutoka Omani. Mshairi wetu hakuhitaji kubuni magofu. Alikuwa akipita mbele yake akienda kuswali.

Sasa angalia anavyozieleza nyumba hizo zilipokuwa hai. Anasema ziling'aa kwa taa za kowa (kioo) na za sufuri (shaba), usiku ukawa kama mchana: "masiku yakele kama nahari". Anataja sini, yaani kauri za Uchina, za kuteuliwa, vikombe vilivyonakshiwa, kuzi za kioo zilizowekwa katikati ya mapambo. Anataja vitanda na magodoro, na mito ya kijani upande huu na upande ule. Mito ya kijani! Mtu anayetaka kutuambia kwamba dunia ni takataka hana haja ya kutuambia rangi ya mto. Rangi hiyo imekumbukwa na mtu aliyekwisha keti pale, akaegemea, akanywa kahawa, akasikia marashi. Kwa maoni yangu, huo mto wa kijani una nguvu kuliko majina ya mioto ya Jahannamu yanayofuata mwishoni mwa utenzi. Sehemu ile ya moto naiheshimu, ina mahali pake katika imani ya mtunzi na yangu, lakini ukimwamsha usiku mtu aliyewahi kuusoma utenzi huu, atakutajia bundi na popo kwanza.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mshairi haongei nasi. Anaongea na moyo wake: "Moyo wangu nini huitabiri", mbona huzingatii, hujui kwamba dunia ina ghururi, yaani udanganyifu? Ni mtu mmoja usiku, anaugombeza moyo wake ambao bado unazitaka zile taa. Hakupanda juu ya kitu kuwahubiria matajiri. Nadhani hiyo ndiyo sababu sauti yake haijachuja baada ya miaka 200.

Nalisema hili kwa sababu nimechoshwa na namna tunavyoyatumia maneno haya siku hizi. Kila palipo na msiba, simu zinajaa "sanda haina mfuko" na "dunia mapito". Ni maneno ya kweli. Lakini mtaani kwetu nilishuhudia mjane akiambiwa "mali si kitu, mama, ni vitu vya dunia tu" na shemeji zake, nao wakati huohuo wanabeba jokofu na cherehani yake kuvipakia kwenye gari. Aliyeambiwa mali inapita ni yule aliyekuwa akiporwa. Waliokuwa wakipora hawakuambiwa kitu. Neno la hekima likitoka kinywani mwa anayenufaika nalo linageuka kamba ya kumfungia mwenzake, na mimi nakataa kabisa ushairi wetu ubebeshwe kazi hiyo. Sayyid Abdalla alijisuta mwenyewe kabla hajamgusa mtu.

Turudi Pate, kwenye zile nyumba, maana hapo ndipo penye utamu.

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Zimekuwa tame, yaani tupu, mahame. Makinda ya popo wamening'inia juu. Husikii sauti wala ukelele. Na mshororo wa mwisho: vitanda vimetandwa utando wa buibui. Usome kwa sauti. Kitanda, utando, kutanda: ni mzizi mmoja unaozunguka mara tatu katika mshororo mmoja. Kitanda kilichokuwa kikitandikwa shuka na wajakazi sasa kinatandikwa na buibui. Kitandiko kimebaki, mtandikaji amebadilika. Lugha yenyewe ilikuwa imelificha jambo hili, mshairi akaliona.

Hesabu pia mizani. Kila mshororo una silabi 11, unavunjika baada ya ya sita: nyumba zao mbake, pumzi, ziwele tame. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, na wa nne unarudi daima kwenye kina kimoja kinachoufunga utenzi mzima, "-ye". Waikaliye, walitandiye, ukhasiriye. Wanaokijua Kiamu, lahaja ya Lamu, watakuambia kwamba maumbo kama walitandiye ni ya jambo lililokwisha timia: wameshatanda, wamekwisha kaa. Kwa hiyo karibu kila ubeti unaishia kwenye tendo ambalo halirudi nyuma. Unaweza kutumaini katika mshororo wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Wa nne unakuta limeshatendeka. Sijui utenzi mwingine ambamo kina chenyewe kinafanya kazi ya mauti namna hii.

Na hapa ndipo mazingira yanapoingia. Tumefundishwa shuleni kwamba washairi hutumia maumbile "kupamba kazi". Katika Al-Inkishafi viumbe hawapambi chochote. Wanahamia. Bundi hakoromi mtini, anakoroma "kati nyumbani", kama baba mwenye nyumba aliyeshiba. Ndege "waikaliye", wameikalia, kitenzi kilekile ambacho ungekitumia kwa mpangaji. Mende wanavuma vyumbani, nyenje wanalia katika kumbi za kupokelea wageni. Kila mahali palipokuwa na sauti ya mtu pamepewa sauti nyingine, na nyumba haikukaa bila mkaazi hata siku moja. Ni mirathi, ila warithi ni popo na buibui, nao hawakugombana.

Hata pale mwanzoni anapoieleza dunia kwa mifano, anaichukua kutoka mahali anapopajua. "Suu ulimwengu bahari tesi, una matumbawe." Huu ulimwengu ni bahari yenye misukosuko, ina matumbawe. Mtu wa bara angesema mlima au jangwa. Huyu alikulia mahali ambapo jahazi likikosea mlango wakati wa maji kupwa linapasuka kwenye mwamba. Kisha anaifananisha dunia na kisima kisicho na ukingo, chenye ndama mkali kando yake: anayekaribia anapigwa pembe, hanywi maji. Halafu na chembe za vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani. Nyosha mkono uzikamate, fumbua, hamna kitu. Ule wa vumbi ndio niupendao kupita yote. Sote tulicheza mchezo huo tukiwa watoto, tumelala chini, adhuhuri, watu wazima wamejipumzisha.

Lakini kupenda si kufumba macho. Utenzi huu una kimya kinachonisumbua. Katika kuhesabu raha za mabwana wa Pate, mshairi anataja wakandi na wapepezi, wale waliowakanda mwili na kuwapepea, na wanawake waliopambwa wakiwatumbuiza bila kunyamaza mpaka usingizi uje. Wanatajwa palepale kwenye orodha ya vitanda na mito. Mabwana wanapokufa, tunaambiwa wamekwenda wapi: kwenye finyo la kaburi, mchanga umewaelemea, wadudu wamewala. Tunaambiwa sahani zimekuwaje. Wapepezi je? Pwani ile iliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Mawe ya matumbawe yale kuna aliyeyakata, chokaa kuna aliyeichoma, maji kuna aliyeyateka. Kwao anguko la nyumba ile huenda halikuwa msiba, au lilikuwa msiba wa kuuzwa kwingine. Mali inapopita, haiwapitii wote kwa namna moja. Natamani kungekuwa na utenzi wa mpepezi. Haukuandikwa, au haukuhifadhiwa, na kila ninapoufikia ule ubeti nasimama kidogo kwa ajili yake.

Mwaka 1858, mwanamke mmoja wa kisiwa hichohicho cha Pate aliutazama mlango huohuo wa kifo akafanya jambo tofauti kabisa. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka mtawala wa mji wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Anasema mwenyewe:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Anamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Watu wengi leo wanaujadili utendi huu, Utendi wa Mwana Kupona, kwa sababu ya yale anayomwagiza bintiye juu ya kumtii mume, na mjadala huo ni wa haki. Mimi nataka tuangalie anachotoa. Alikuwa mke wa mtawala, anaijua dhahabu. Na anaanza kugawa vito: nikupe hirizi, uifunge kwa uzi, nikutungie kidani cha lulu na marijani, nikuvike shingoni king'ae. Unangoja kuona kidani. Hakiji. Kidani ni yale maneno. Lulu ni beti zenyewe, na "kutunga" ni kitenzi cha ushanga na cha shairi pia, kwa hiyo hakudanganya hata kidogo. Mama anayekufa ameichukua lugha ya mali akaitoa mali ndani yake, akabakiza mng'ao. Cha kushangaza, hamwambii mwanawe aache kujipamba. Anamtaka aoge, ajitie manukato, avae asmini na vikuku. Mtu aliye kitandani mwaka mzima, anayejua anakwenda, bado anataka harufu nzuri ibaki ndani ya nyumba. Nikimweka pamoja na Sayyid Abdalla naona ndugu wawili: yule analilia sini, huyu anasisitiza asmini, na hakuna kati yao anayeidharau dunia.

Shaaban Robert hakulilia nyumba. Aliandika juu ya mtu mmoja. Mke wake Amina alipofariki alimtungia shairi aliloliweka ndani ya Maisha Yangu, na wengi wetu tunalijua kwa moyo:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua

Tumelikariri mno kiasi kwamba hatulisikii tena. Hakusema ua limenyauka. Hakusema limeanguka, wala limekatwa. Limefunga. Kuna maua yanayofunga jioni, na kila aliyekulia kijijini anajua kwamba ua lililofunga bado lina mshikamano wake, bado liko kwenye shina. Halafu ubeti unamalizika kwa kitenzi hichohicho: mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua. Kifo kimefunga ua na ndoa ilifunga mapenzi. Mfungo mmoja umeujibu mwingine. Hapa maumbile hayahamii nyumbani kama kwa bundi wa Pate. Yanampa mfiwa neno la kushika usiku. Wapo wanaouona mfano wa ua kuwa mwepesi, umetumika mno. Nawaomba wausome tena taratibu, wakiangalia kitenzi tu.

Baadaye alikuja Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, na diwani yake Kichomi ya 1974, akavunja vina na mizani. Kwake kifo hakina gofu wala ua. Katika "Kisu Mkononi" miaka inaibwa mmoja mmoja na mtu ni gurudumu linaloporomoka mteremkoni. Namheshimu sana, na nilipokuwa na miaka 20 nilidhani yeye peke yake ndiye msema kweli. Siku hizi nikimsoma naona baridi. Hakuna chombo ndani ya shairi lile ambacho mtu angekifuta kwa kitambaa. Labda umri unanirudisha kwa wazee, au labda ni lile kabati.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Msikiti umebomoka, mibuyu imetanuka kati ya kuta, na kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ambayo mafundi wake walipachika sahani za kauri za Uchina kwenye chokaa. Watu wa pwani hii walizichukua sahani kutoka madakani wakazipeleka mpaka kaburini, kana kwamba walikuwa wanabishana na Sayyid Abdalla kabla hajautunga utenzi wake: kama sahani haziwezi kubaki nyumbani, basi zikae hapa. Nyingi zimeng'olewa zamani. Kilichobaki ni alama za duara, vishimo laini kwenye chokaa, kila kimoja kikiwa na umbo kamili la sahani isiyokuwepo. Katika kimoja nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo.

Binti yangu alitia kidole kwenye duara lililokuwa tupu, akalizungusha ukingoni.

"Mama, hizi sahani walikuwa wanazilia kwanza?"

Tukakaa chini ya mbuyu, nikamsimulia za mama yake bibi yake, zile zilizokuwa zikifutwa kila Alhamisi.